Ngitili yenye ndege: kupanga malisho Kanda ya Ziwa nyasi zisiishe na ndege wasihame

Muulize mfugaji wa Kwimba au Magu kwa nini kware wamepungua, atakuambia ni manati ya watoto. Manati nayo yamo, lakini hayawezi kumaliza ndege wa bonde zima. Kinachowaondoa ni nyasi za eneo lote kuwa na kimo kimoja. Zikiliwa zote hadi zikawa kama zulia, wanaotaga ndani ya majani hawana pa kuficha yai. Zikiachwa zote zikazeeka na kulala, wanaokimbia ardhini wakitafuta wadudu hawana njia. Mwongozo huu ni wa mwenye ekari zake kumi au mia, na wa kamati ya kijiji inayosimamia ngitili ya pamoja: namna ya kupima majani, kuhesabu siku za kulisha, kugawa eneo na kujua kama ndege wameitikia.

Tunatumia neno ngitili kama linavyotumika Usukumani, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi. Mfumo huu ni wa wazee. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliukuta ukififia ukaurudisha kwa ajili ya majani na kuni. Kwa ndege, ngitili iliyosimamiwa vizuri inafaa kuliko kipande kilichofungwa kwa seng'enge na kutoguswa miaka kumi.

Ndege anatazama nini

Toka lamboni asubuhi ukatembee hadi katikati ya ngitili. Karibu na maji, ambako ng'ombe wanapita kila siku, nyasi zina kimo cha kidole. Hapo wako yangeyange, wako vipimanjia wanaokimbia huku wakitikisa mkia, na yupo yule wa miguu myekundu mwenye duara jeupe kichwani, anayekupigia kelele hata kama bado uko mbali na mayai yake. Huyu hutaga juu ya udongo mtupu, na kinga yake ni kumwona adui mapema. Nyasi zikimfika tumboni, anahama.

Ukisogea kwenye nyasi za chini ya goti unaingia kwa vipozamataza, wanaojenga kiota ardhini kwenye kivuli cha shina la nyasi, na kwa kwale, ambao hula kwenye uwazi lakini hawataki kuwa mbali na kichaka. Karani tamba naye huwinda hapa kwa miguu: anahitaji kuona panzi na nyoka, na nyasi zikimpita kiunoni hawindi tena. Mbele zaidi, nyasi zinapofika kiunoni mwa mtu, wanaanza kweche wenye mikia mirefu, kware, tandawala na videnenda, vile vindege vya kahawia vinavyoruka juu vikitoa mlio wa "tsiki-tsiki" kisha vikajitupa tena majanini.

Tazama kiota cha kidenenda kwa karibu na utaelewa kwa nini kimo ni suala la uhai. Ni kifuko kirefu chenye mdomo juu, kinaingia kwenye kiganja. Ndege hutoboa kingo za majani ya nyasi yaliyo hai kwa mdomo wake, kisha huyavuta pamoja kwa utando wa buibui. Kwa kuwa majani hayajakatwa, kiota hubaki kibichi na huwezi kukitofautisha na fungu la nyasi lililokizunguka. Ila kiko chini ya goti, kwenye fungu lenye majani laini, lilelile ambalo ng'ombe angelichagua. Ulimi mmoja ukizunguka pale, kiota kinaondoka na mayai yake.

Kwa hiyo ukiwa shambani angalia vitu vinne: kimo cha nyasi, jinsi zilivyobanana, kiasi cha udongo ulio wazi katikati ya mashina, na majani makavu ya mwaka jana yaliyobaki yamesimama. Hicho cha nne ndicho watu wengi hukidharau. Mvua za vuli zinapoanza, kati ya Oktoba na Desemba, nyasi mpya bado ni fupi, na ndege anayetaka kutaga mapema hana maficho mengine zaidi ya majani hayo makavu.

Mnyama gani anakata vipi

Ng'ombe hukusanya majani kwa ulimi na kuyakata, kwa hiyo huacha kisiki cha sentimita kadhaa isipokuwa akiwa na njaa kali. Kondoo hukata chini zaidi. Punda ana meno juu na chini, hivyo hukwangua. Mbuzi hupenda vichaka, na hapo ana faida kwa ndege wa nyasi: eneo lililoliwa kupita kiasi huanza kuota migunga midogo na lantana, na vichaka vikifunga, kware na tandawala huondoka hata kama mvua ni nzuri. Mbuzi wachache wanaopitishwa kila mwaka hupunguza miche hiyo. Mbuzi wengi wanaokaa hapo mwaka mzima huimaliza pamoja na kila kitu.

Udongo nao una kauli. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mabondeni, usipeleke ng'ombe wakati wa masika. Kwato huzama, huacha mashimo yanayojaa maji, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, mizizi inakosa hewa. Wakati huo walishe juu kwenye luseni, udongo wa kichanga wa kando ya vilima vya mawe, ila uwaondoe mapema kwa sababu luseni ikibaki wazi hubebwa na maji hadi ziwani.

Kupima maficho kwa fimbo

Usikadirie kwa macho. Macho ya mfugaji huona lishe, hayaoni maficho, na watu wawili hawatakubaliana kamwe. Chukua fimbo nyoofu ya mita 1.5, ipake rangi nyeupe na nyeusi kwa zamu kila sentimita 10, kisha andika namba 1 hadi 15 kuanzia chini. Funga kamba ya mita 4 kwenye fimbo. Andaa na kijiti cha pili cha mita 1, cha kukuonyesha jicho lako liwe wapi.

Mmoja asimamishe fimbo wima ardhini bila kuzikanyaga nyasi zilizo mbele yake. Mwingine avute kamba hadi iishe, achuchumae mpaka jicho liwe usawa wa kijiti cha mita 1, kisha ataje namba ya kipande cha juu kabisa kilichofunikwa chote. Kama kipande namba 3 kimefunikwa chote na cha 4 kinaonekana, maficho ni 3. Mrudie pande nne, mjumlishe, mgawe kwa nne. Hicho ndicho kipimo cha pointi moja. Pigeni hatua 25, mpime tena, hadi mfikishe pointi 20 kwa kila kipande cha ngitili. Watu wawili waliozoea humaliza kipande kimoja asubuhi moja.

Kwa kazi ya kawaida tunasoma matokeo hivi: wastani wa 0 hadi 1 ni nyasi fupi, za ndege wa uwazi; 2 hadi 4 ni za kati; 5 na kuendelea ni ndefu. Lakini msiishie kwenye wastani. Vipande viwili vinaweza kuwa na wastani wa 3, kimoja kina 3 kila pointi, kingine kina 0, 1, 5, 6. Cha pili kina ndege wa aina nyingi zaidi. Andikeni kila pointi.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kupima baada ya mvua kubwa, nyasi zikiwa zimelala. Subirini siku mbili. La pili ni kuchagua pointi. Hatua ya 25 ikiangukia kwenye njia ya ng'ombe, pima hapohapo kwenye njia.

Hesabu ya siku za kulisha

Hapa ndipo wengi huharibu. Chagua pointi 10 zilizotawanyika. Kila pointi weka fremu ya mti ya mita 1 kwa mita 1, kata nyasi zote ndani yake kwa mundu ukiacha sentimita 5, tia kwenye mfuko. Anika juani hadi uzito usibadilike ukipima siku mbili mfululizo. Kiangazi ni siku tatu hadi tano. Usipime mbichi. Nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, na mtu anayepima mbichi hujikuta na siku za kulisha mara mbili au tatu ya zile alizonazo kweli.

Wastani wa gramu za fremu moja ukizidisha kwa 4 unapata kilo kwa ekari. Tuchukue ngitili ya ekari 20 yenye wastani wa gramu 180. Hiyo ni kilo 720 kwa ekari, na kilo 14,400 kwa ngitili nzima. Usizigawe zote kwa ng'ombe. Chukua asilimia 40 tu, yaani kilo 5,760. Zinazobaki zina kazi: nyingine zitakanyagwa, nyingine ni za mchwa, na zilizosimama ndizo maficho na ndizo zinazolisha mizizi. Eneo lililochoka, lenye madoa ya udongo mtupu, lipe asilimia 30 kwa miaka miwili ya mwanzo.

Ng'ombe hula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 ni kilo 6.25. Ng'ombe 12 ni kilo 75 kwa siku, na 5,760 ukigawa kwa 75 unapata siku 76. Mbuzi au kondoo kumi wahesabu kama ng'ombe mmoja. Ukiwa na ndama wengi, hesabu ndama wawili kwa mkubwa mmoja, haitakuwa mbali.

Siku 76 kuanzia katikati ya Julai zinaishia mwisho wa Septemba. Mvua za vuli zikichelewa hadi Novemba unakuwa na pengo, na pengo hilo ndilo linalomfanya mtu aseme "wale tu, mvua inakuja". Lijaze mapema kwa mabua ya mahindi, majani ya mpunga kutoka majarubani, au kwa kuuza ng'ombe wawili Julai wakiwa bado wamenona. Ng'ombe anayeuzwa Oktoba akiwa mifupa mitupu hana bei, na nyasi ameshazila.

Kugawa ngitili mara tatu

Ngitili ya kawaida ina kasoro moja kwa upande wa ndege: ikifunguliwa, inafunguliwa yote. Kufikia Oktoba haina jani lililosimama, na vuli inawakuta kware na videnenda hawana pa kuanzia.

Gawa eneo vipande vitatu. Si lazima viwe sawa kabisa, na si lazima kuwe na uzio. Mawe yaliyopakwa chokaa, mstari wa minyaa au njia ya miguu vinatosha, mradi mchungaji anajua mwisho uko wapi. Kipande cha kwanza kifungue Julai. Cha pili kifungue cha kwanza kikifikia kiasi chake, mara nyingi mwishoni mwa Agosti. Cha tatu usikifungue kabisa mwaka huo, kiingie mvua na nyasi zake za zamani. Mwaka unaofuata cha tatu kinakuwa cha kwanza kufunguliwa, kilichofunguliwa Julai kinakuwa cha pili, na kilichokuwa cha pili kinapumzika. Baada ya miaka mitatu kila kipande kimepata zamu ya mapumziko.

Ukigawa hivi, ile hesabu ya juu ifanye kwa vipande viwili tu. Kwenye mfano wetu siku 76 zinashuka hadi kama 51. Tunajua inauma. Wenye ng'ombe wengi kwa eneo dogo wanaweza kuanza kwa kuacha robo, au hata ekari mbili za bondeni, na hizo zikiwa mahali pamoja zina msaada kuliko vijipande vilivyotapakaa. Faida inaonekana mwaka wa pili na wa tatu: kipande kilichopumzika kinatoa majani mengi kwa sababu mashina ya nyasi za kudumu yamepata muda wa kujaza mizizi na kudondosha mbegu.

Wengine wakishasikia haya huacha kipande kimoja kisiliwe kabisa, milele. Usifanye hivyo. Nyasi zisizokatwa miaka minne au mitano hujifunika kwa majani yake yaliyokufa, jua halifiki kwenye shina, na nyasi nzuri hufa kutoka katikati. Kifaranga cha kware hakiwezi kupita kwenye godoro la namna hiyo. Halafu siku moja linashika moto, na moto wake ni mkali.

Sehemu za nyasi fupi usihangaike kuzitengeneza. Kuzunguka zizi, josho, lambo na njia za ng'ombe zipo tayari, na mara nyingi zinatosha.

Viota na kwato

Vindege vidogo vya nyasini huhitaji kama wiki nne tangu yai la kwanza hadi makinda kuruka. Kipozamataza ni hivyohivyo. Kanga hulalia kama siku 26 na makinda yake hutoka kiotani muda mfupi baada ya kuanguliwa, lakini bado yanahitaji majani ya kujificha wiki kadhaa. Kwa hiyo kipande kinachopumzishwa wiki tatu kisha kikarudiwa ni mtego: ndege ameona nyasi zimetulia, ametaga, na ng'ombe wanarudi makinda yakiwa bado uchi. Msimu wa mvua, kama ni lazima kulisha, zamu iwe ya wiki sita au zaidi kati ya kuingia na kurudi. Kama huwezi kupata wiki sita, ni heri kipande kimoja kiliwe mfululizo na vingine visiguswe.

Ng'ombe 40 kwa siku moja na ng'ombe 10 kwa siku nne hukanyaga karibu sawa. Tofauti iko kwenye siku zinazobaki bila ng'ombe. Ndiyo maana tunapendelea kundi zima liingie, lile haraka, litoke, kuliko wachache wanaozurura kila siku. Lakini usiingize kundi kubwa kati ya Machi na Mei kwenye kipande chenye viota. Litafagia kila kitu.

Kujua kama kuna viota, tumieni kamba. Watu wawili washike kamba ya mita 25 yenye makopo matupu yaliyofungwa kila mita 2 yenye kokoto ndani, waiburute taratibu juu ya nyasi. Wa tatu atembee nyuma na kuangalia ndege anatokea wapi. Mlaliaji huruka kamba ikimgusa au ikimkaribia sana. Fanyeni asubuhi jua likishapanda kidogo, umande ukiwa umepungua, si wakati wa mvua wala jua kali la saa saba, kwa sababu mayai yakiachwa yanaharibika. Kiota kikipatikana msikiguse. Simikeni kijiti hatua 10 upande wa kaskazini, daima upande huohuo, mwondoke kwa njia nyingine. Mkienda na kurudi kwa njia moja mnatengeneza uchochoro, na nguchiro na mbwa wa kijiji hufuata uchochoro huo hadi kwenye mayai. Kunguru naye hukaa juu ya kijiti kilicho karibu mno na kutazama chini.

Na watoto wanaochunga? Wao ndio wanaojua viota vyote. Wapeni kazi ya kuviripoti, na bei ya kuripoti iwe nzuri kuliko ya kukaanga. Kwenye ngitili ya kijiji, sheria ndogo ya mayai na manati ipitishwe pamoja na ile ya kuingiza mifugo wakati wa kufungwa. Dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, ikiitangaza, inashikika kuliko tangazo lililobandikwa ofisini.

Ufukweni na mabondeni

Kando ya Ghuba ya Speke, kwenye midomo ya mito kama Simiyu, nyasi hukutana na mafunjo na matete. Huko ndiko kwa korongo taji, ambaye tangu 2012 yumo kwenye kundi la ndege walio hatarini kutoweka duniani. Hula kwenye nyasi fupi na kwenye mashamba yaliyovunwa, akipiga miguu chini kuwaamsha wadudu, na haogopi kutembea katikati ya ng'ombe. Kutaga ni kwenye maji ya kina kifupi, juu ya jukwaa la matete aliyoyakanyaga mwenyewe, kwa kawaida mayai mawili au matatu. Hulalia kama mwezi mmoja, na makinda hukaa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuruka. Hesabu yake ni miezi minne ya utulivu.

Kwa hiyo palipo na kiota cha korongo, fungeni kile kipande cha kinamasi na ukanda wa mita 100 kuzunguka, kwa ng'ombe, kwa wakata matete na kwa mbwa. Kunywesha kuwe kwa njia moja ya upana wa mita 5 hadi 10, iliyowekwa kokoto ikiwezekana, si ufukwe mzima. Hili linaendana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza ndani ya mita 60 za ziwa au mto shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ya maji. Mita 60 hizo, zikiliwa kidogo kiangazi na kuachwa masika, ni malisho bora ya akiba kuliko bustani ya nyanya itakayosombwa ziwa likijaa. Waliolima ufukweni kabla ya maji kupanda mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa.

Moto

Ushauri wetu ni usichome. Kama kipande kimezeeka mno, choma Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi chini, na kisizidi robo ya ngitili, kwa idhini ya serikali ya kijiji. Moto wa Juni huacha madoa yasiyoungua. Moto wa Septemba hauachi kitu, wala kobe. Fyeka kwanza njia ya moto ya mita 5 pande zote. Angalieni upepo wa ziwa: mchana unavuma kutoka majini kuja nchi kavu, jua likizama unageuka. Moto uliowashwa saa kumi na moja jioni ukiwa unaelekea pazuri unaweza kuelekea nyumba za watu saa mbili usiku. Washa mapema, kipande kidogo, na uuzime kabla upepo haujageuka.

Yangeyange na makorongo watajaa kwenye majivu siku ileile. Usidanganyike na wingi huo, wamekuja kuokota panzi waliokimbia na waliokufa. Na usiingize ng'ombe machipukizi yakitokea. Subiri yafike sentimita 15, la sivyo shina linachimba akiba yake ya mwisho.

Dawa

Shashi wanaokaa mgongoni mwa ng'ombe hula kupe, na kupe aliyenyonya dawa kali ya aina ya organofosfeti anaweza kumuua shashi. Dawa za kuogesha zenye amitraz ni salama zaidi kwao. Soma kiambato kwenye kopo, si jina la biashara.

Dawa ya minyoo ya ivermectin hutoka na kinyesi na kuua mabuu wa wadudu wanaoozesha samadi, na wadudu hao ndio chakula cha yangeyange, karani tamba na makorongo. Tibu wanyama wanaohitaji, usitibu kundi lote kwa mazoea, na uliowatibu wakae zizini au kwenye kipande cha karibu kwa siku kadhaa badala ya kupelekwa kwenye ngitili.

Kwelea kwelea wakivamia mtama au mpunga na kupuliziwa dawa, wachungaji wakae mbali na eneo lile, na mizoga izikwe. Kipanga na bundi wakila kwelea waliopuliziwa hufa nao, na kisha panya wanaongezeka shambani.

Kuhesabu

Bila hesabu hutajua kama haya yote yana maana. Weka mstari wa mita 500 katika kila kipande, alama mwanzo na mwisho. Anza jua likichomoza, Mwanza ni kama saa 12:45 asubuhi, umalize kabla ya saa 3. Tembea taratibu, dakika 15 hadi 20 kwa mstari mzima, uandike kila ndege aliyetua ndani ya mita 50 kila upande. Wanaopita angani andika pembeni. Mstari huo ni hekta 5, kwa hiyo gawa idadi kwa 5. Rudia mara mbili mwezi wa Aprili na mara mbili Septemba, kila mwaka miezi hiyohiyo, na ikiwezekana mhesabuji awe yuleyule.

Kundi la kwelea elfu mbili liandike peke yake. Ukilichanganya, mwaka huo utaonekana wa neema hata kama vipozamataza wameisha. Na jihadhari na kweche. Wakati wa kutaga dume ni mweusi mwenye mkia unaoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mvua zikiisha anavua mkia huo na kuwa wa kahawia kama jike, katikati ya vindege vingine vya kahawia. Anayehesabu kweche Aprili na kulinganisha na Septemba atatangaza kwamba wamehama, kumbe wako palepale miguuni pake wakiokota mbegu. Linganisha Aprili na Aprili.

Idadi ikishuka Aprili mbili mfululizo kwenye kipande kimoja, fungua daftari la fimbo kabla ya kulaumu mtu. Kipimo kikiwa kimeshuka chini ya 2 karibu pointi zote, punguza siku za kulisha kipande hicho kwa theluthi mwaka unaofuata. Kikiwa juu ya 7 kila mahali, kipande kimezeeka: ingiza ng'ombe Julai, hata kama si zamu yake.